Mwenye Ng'ombe Alipokwisha Kuonywa



Wapendwa waamini, juma hili sikukusudia kuandika juu ya mitandao. Nilikuwa nimekwisha kuandaa tafakari juu ya malezi ya watoto wa Komunyo ya Kwanza, nayo itasubiri. Kilichonibadilishia nia ni mama mmoja mzee, mjane wa kigango chetu kimojawapo, ambaye kwa idhini yake nasimulia yaliyompata, huku nikiyaficha yale yanayoweza kumtambulisha.

Mtoto wa jirani yake alifariki kwa homa baada ya kuugua siku chache. Jioni ya mazishi, mtu fulani alirusha katika kundi la simu la kitongoji picha ya mama huyo akiwa ameketi mlangoni pake, pamoja na sauti ya dakika mbili iliyodai kwamba yeye ndiye aliyemla mtoto, na kwamba macho yake mekundu ni ushahidi tosha. Macho mekundu! Yeyote aliyepikia kuni kwa miaka hamsini ndani ya tembe isiyo na dirisha anajua wekundu huo unatoka wapi. Kabla ya saa tatu usiku sauti ile ilikuwa imekwisha kuingia katika makundi manne. Saa sita usiku mawe yalianza kupiga mlango wake. Alfajiri binti yake alifika kumchukua, akaenda naye kwake Manyoni, na ninapoandika haya hajarudi. Mbuzi wake wanachungwa na mjukuu.

Nilipouliza nani wa kuwajibika, nilipata majibu matatu. Aliyerekodi sauti hajulikani, na namba aliyoitumia imezimwa. Kijana mmoja wa VIWAWA aliyejaribu kutoa taarifa kwa kampuni yenye mtandao huo, kwa kubonyeza pale panapobonyezwa, alijibiwa asante kwa Kiingereza, basi. Naye msimamizi wa kundi, ambaye ni mwamini wetu na kiongozi wa jumuiya, aliniambia kwa unyenyekevu kabisa, "Baba, mimi sikuandika kitu."

Neno hilo limenikaa moyoni kwa siku nyingi. Sikuandika kitu. Ni kweli hakuandika. Tena ndilo neno lile lile linalosemwa na makampuni makubwa ya mitandao ya kijamii mbele ya mahakama za dunia: sisi tumejenga ukumbi tu, waliosema ni wageni. Je, mwenye ukumbi hana lake?

Nianze na sheria ya nchi, kwa sababu wengi wetu tunadhani huko mtandaoni hakuna sheria. Ipo. Kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Uchawi, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1928, enzi za Waingereza. Kusambaza taarifa za uongo kwa njia ya kompyuta au simu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Hivyo aliyerekodi sauti ile ametenda kosa, na kila aliyeipeleka mbele akijua anachofanya hayuko mbali na kosa hilo. Kuhusu mwenye mtandao, sheria hiyo hiyo inasema jambo ambalo watu wachache wamelisoma. Kifungu cha 39 kinaeleza kwamba mtoa huduma halazimiki kupekua kila kinachopita au kuhifadhiwa kwake, wala kwenda kutafuta uhalifu uliojificha humo. Lakini vifungu vinavyofuata vinamwekea mpaka. Anayehifadhi maudhui ya wengine hupata kinga hiyo iwapo, baada ya kupewa amri na mamlaka husika au mahakama, anayaondoa mara moja. Na kifungu cha 45 kinamruhusu mtu yeyote kumpelekea mtoa huduma taarifa ya kumtaka aondoe kilicho haramu.

Kwa ufupi, hana hatia kabla ya kujua. Akishajulishwa, hesabu inabadilika.

Nilipoisoma sheria hii nilikumbuka kitabu cha Kutoka, sura ya 21, na naomba mkaisome nyumbani, hasa ninyi wafugaji. Hapo Musa anaelekezwa la kufanya ng'ombe anapompiga mtu pembe mpaka akafa. Ng'ombe huuawa, bali mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na mazoea ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye hakumfunga, basi mwenye ng'ombe anabeba hatia ya damu ile. Mistari michache mbele kuna habari ya mtu aliyechimba shimo asilifunike: mnyama wa jirani akitumbukia, mwenye shimo analipa. Angalieni hekima iliyomo. Mwenyezi Mungu hamhukumu mfugaji kwa sababu anafuga, wala kwa sababu ng'ombe ana pembe. Anamhukumu kwa kile alichokijua na kile alichoacha kukifanya baada ya kukijua. Hapa kwetu Singida, ambako mtoto wa miaka minane anajua ni dume lipi la kijiji halifai kupitwa karibu, maneno haya hayahitaji mfasiri.

Tena msidhani kwamba hayo ni ya wachungaji wa zamani tu. Nchini mwetu, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliwahukumu mwaka 2003 watu watatu wa vyombo vya habari. Mmoja wao alikuwa Ferdinand Nahimana, mwanahistoria na mwanzilishi wa redio ya RTLM, ile iliyowachochea watu mwaka 1994 kuwaua Watutsi. Katika rufaa, tarehe 28 Novemba 2007, majaji walimfutia sehemu ya mashtaka na kumpunguzia adhabu kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 30. Hata hivyo walimwachia hatia ya uchochezi, na sababu yake ndiyo ninayotaka muione: walimtia hatiani kwa maneno ya wafanyakazi wa redio ambao alikuwa na mamlaka juu yao, naye hakuwazuia wala kuwaadhibu. Kulikuwa na ushahidi kwamba wakati fulani, mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai 1994, aliingilia kati ili redio iache kuyashambulia majeshi ya Umoja wa Mataifa, nayo ikaacha. Maana yake alikuwa na uwezo. Aliweza kulifunga dume siku alipotaka. Siku nyingine hakutaka.

Najua msomaji makini atanipinga kwamba redio si mtandao wa kijamii. Mtangazaji wa redio ni mwajiriwa, ana jina na mshahara, wakati mtandaoni wanaosema ni mamilioni ya wapita njia. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Ndiyo maana Marekani, kwa sheria yake ya mwaka 1996, iliyapa makampuni kinga pana sana dhidi ya lawama ya maneno ya watumiaji wake. Wakati ule mtandao ulikuwa kama ubao wa matangazo sokoni: mtu anabandika karatasi, mwingine anasoma. Leo sivyo. Leo mitandao mingi mikubwa ina programu inayochagua ni karatasi ipi ibandikwe mbele ya macho ya nani, na chaguo lake hufuata kile kitakachomfanya mtu akae zaidi, kwa kuwa kukaa kwake ndiko kunakouza matangazo. Hasira na hofu humfanya mtu akae. Mwenye zizi wa namna hii hana haki ya kusema kwamba anafuga tu. Ndiye anayelifungulia dume mlango lielekee palipo na watu wengi.

Hilo ndilo shauri lililoko Nairobi, na nawasihi mlifuatilie kwa sala. Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, aliandikwa kwenye Facebook mwezi Oktoba 2021, wakati wa vita vya Tigray. Jina lake, picha yake na habari zilizowawezesha watu kumfikia viliwekwa hadharani pamoja na tuhuma za kumchochea msomaji dhidi yake. Mwanawe, Abrham Meareg, anasema aliitaarifu kampuni. Tarehe 3 Novemba 2021 baba yake alipigwa risasi karibu na nyumba yake. Mwezi Desemba 2022 Abrham, pamoja na Fisseha Tekle na Taasisi ya Katiba ya Kenya, walifungua shauri dhidi ya Meta katika Mahakama Kuu ya Kenya, kwa kuwa kazi ya kuchuja maudhui ya ukanda huu ilikuwa ikifanyika Nairobi. Pamoja na mengine waliomba uanzishwe mfuko wa fidia wa takriban shilingi bilioni 200 za Kenya. Kampuni ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Tarehe 3 Aprili 2025 mahakama iliamua kwamba inayo. Uamuzi huo haukusema nani ana hatia; ulisema tu kwamba Mwafrika aliyefiwa anaweza kusikilizwa Afrika. Kwangu mimi hilo si dogo. Kijana wetu wa VIWAWA aliyejibiwa asante kwa Kiingereza hana nauli ya kwenda California.

Sasa nitasema upande wa pili, na hapa baadhi yenu hamtafurahi, kwa sababu nimewasikia mkisema, "Serikali ifunge mitandao yote, tukae kwa amani."

Tarehe 13 Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa jijini Dar es Salaam, na siku chache baadaye yeye na mwenzake Mike Mushi walifikishwa katika Mahakama ya Kisutu. Mashtaka yaligawanywa katika kesi tatu. Kiini cha mbili kati ya hizo hakikuwa kwamba ameandika uongo, wala kwamba amekataa kuondoa maudhui haramu; kilikuwa kwamba hakuwapa polisi taarifa za watu walioandika katika jukwaa lake kuhusu tuhuma dhidi ya makampuni. Yeye alishikilia kwamba kuwataja wanaofichua maovu ni kuwaweka hatarini. Katika kesi moja waliachiwa huru tarehe 1 Juni 2018. Katika nyingine, tarehe 8 Aprili 2020, Melo alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi, akatakiwa kulipa faini ya shilingi milioni 3 au kwenda jela mwaka mmoja; mwenzake aliachiwa.

Mnaona ugumu uliopo? Aliyemzushia mjane uchawi na aliyefichua ubadhirifu wote wawili wanajifunika blanketi moja la jina bandia. Ukilichana blanketi ili umpate wa kwanza, unamwacha wa pili uchi barabarani. Mimi naamini kwamba mwenye jukwaa anapaswa kumtoa mwovu akitakiwa kwa haki. Lakini wa kupambanua mwovu na shahidi awe hakimu aliyesikiliza pande zote, asiwe mtu yeyote mwenye barua na muhuri. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inalinda mambo mawili kwa pamoja: jina jema la mtu na haki yake ya faragha. Kanisa halikuyatenganisha, nasi tusiyatenganishe.

Na kuna kosa kubwa zaidi ya hilo, nalo ni kuchinja kundi zima kwa sababu ya dume moja. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na Waziri mwenye dhamana alieleza kwamba sababu ni maudhui ya ngono. Sina haja ya kuwaambia mapadre wanaonaje ngono mitandaoni. Lakini katika mtandao huo huo walikuwamo waalimu, madaktari, wafanyabiashara, hata maaskofu. Tarehe 6 Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliisimamishia JamiiForums leseni kwa siku 90, na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima. Adhabu za namna hii hazimfikii mwenye hatia. Humfikia mkulima wa vitunguu anayetafuta bei, mgonjwa anayesubiri fedha za matibabu, na mama anayetaka kujua mwanawe aliyeko Dar es Salaam amelala wapi.

Kati ya kufungulia dume na kuchinja kundi lote, kuna kazi ya kila siku ya mfugaji mwema: kamba, boma, na jicho. Inawezekana. Mwaka 2018 nchini India watu waliuawa na makundi ya wananchi waliochochewa na uvumi wa WhatsApp kwamba wao ni wezi wa watoto. Kampuni haikuweza kusoma ujumbe wa watu, kwa sababu umefungwa kwa siri kati ya mtumaji na mpokeaji. Lakini ilipunguza idadi ya mahali ambapo mtu anaweza kupeleka ujumbe mbele kwa mara moja, na kuanzia Januari 2019 kikomo hicho, makundi au watu watano, kikawa cha dunia nzima. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kupelekwa mara nyingi sana ukawekewa kikomo cha mmoja mmoja. Hakuna barua iliyofunguliwa, hakuna jina lililotajwa. Ni mwendo tu uliopunguzwa. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria yake ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 17 Februari 2024, umeyalazimisha makampuni makubwa sana kupima madhara yanayotokana na mitambo yao wenyewe na kuyapunguza, na wasipotii wanaweza kutozwa hadi asilimia 6 ya mapato yao ya mwaka duniani kote. Napenda bunge letu lifikiri kwa njia hiyo: lipime mienendo ya mwenye zizi, liache kuhesabu pembe za kila ng'ombe. Nalo lidai kwamba taarifa iliyotolewa kwa Kiswahili kuhusu mtu wa Singida isomwe na mtu anayejua Kiswahili, tena kabla ya mawe kufika mlangoni.

Hayo ni ya wakubwa. Namrudia msimamizi wetu wa kundi.

Wanasheria wanaweza kujadili kama admini ni mtoa huduma au siye. Mahakama Kuu ya Kerala nchini India iliamua mwaka 2022 kwamba admini hawezi kubebeshwa kosa la jinai kwa sababu tu mwanakundi ametuma kitu kiovu, nami naona uamuzi huo ni wa haki. Lakini kitubio hakiongozwi na mahakama ya Kerala. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1868, inafundisha kwamba tunashiriki dhambi ya mwingine si kwa kuitenda pamoja naye tu, au kuiamuru, au kuisifu, bali pia kwa kutoifichua na kutoizuia pale tunapowajibika kufanya hivyo. Msimamizi alikuwa na uwezo wa kuifuta sauti ile kwa kidole kimoja. Aliiona saa moja na nusu usiku. Aliniambia aliogopa wafiwa wasije wakamwona kwamba anamtetea mchawi. Namwelewa. Hofu ile ilikuwa halisi, kwa sababu katika mikoa yetu ya kati na ya ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hii tangu kabla simu hazijafika, na waliowatetea nao wametazamwa kwa jicho baya. Lakini yeye alikuwa na hofu ya kutazamwa vibaya, na mama yule alikuwa na hofu ya jiwe.

Na kabla hamjamhukumu, nami nina langu. Moja kati ya yale makundi manne lina namba yangu. Nimeangalia. Sauti ile iliingia saa mbili na dakika kumi na moja, nikiwa nimemaliza kula, na simu yangu ilionyesha alama kwamba kuna ujumbe. Kundi lile lina kelele nyingi za salamu na picha za maua, hivyo nimezoea kupita bila kufungua. Watu mia na themanini walioko mle walijua paroko yumo, na paroko hakusema kitu. Wengine wamenieleza kwamba ukimya wangu waliuchukulia kuwa ni kukubali. Mimi pia sikuandika kitu.

Kwa hiyo tumeamua yafuatayo na Halmashauri ya Walei. Kila kundi la simu linalotumia jina la parokia, kigango au jumuiya litakuwa na wasimamizi wawili, mwanamume na mwanamke, wenye ruhusa ya kufuta mara moja kinachomtaja mtu kwa uchawi, wizi au uzinzi, na kunipigia simu hata usiku wa manane. Kundi lisilopata wasimamizi hao hadi mwisho wa mwezi litaacha kutumia jina letu. Kuhusu aliyerekodi sauti, shauri limefikishwa panapohusika.

Jumamosi ijayo baada ya Misa ya asubuhi nitakwenda Manyoni kumwona mama yetu na kumwomba arudi nyumbani. Msimamizi wa kundi amekubali kuja nami, na baba wa mtoto aliyefariki amesema atafikiri. Katika gari zimebaki nafasi mbili. Anayetaka kwenda aonane na katekista kabla ya Ijumaa jioni.

Nawatakia Dominika njema,
Paroko wenu.